Jiwe Lililosaga Chini ya Mashua

Mtu wa Sirisia na mashua, wapi na wapi? Hivyo ndivyo walivyomtania Hillary Wabwile pale Kitale, kwenye duka lake la dawa za mifugo, siku alipotangaza kwamba amejinunulia mashua. Walimwambia Mbukusu kama yeye afukuze kuku, samaki awaachie wenye ziwa. Wabwile alicheka nao. Alikuwa mtu wa kupenda utani, na isitoshe alikuwa amechoka. Wiki nzima kusimama nyuma ya kaunta ukieleza watu jinsi ya kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe si mchezo, naye alitaka tu mahali pa kukaa kimya siku ya Jumamosi.

Mashua yenyewe ilikuwa ndogo, ya mbao, ya kuketi watu wawili na mkebe wa minyoo. Ilitoka Port Victoria, ikapandishwa juu ya lori la mchanga mpaka kwenye bwawa lililopakana na shamba la rafiki yake Kipyegon, mbele ya Endebess. Bwawa hilo ni la zamani, la enzi za walowezi, na chini yake kuna visiki vya mikalitusi iliyofunikwa na maji kabla ya watu wengi wa huko kuzaliwa. Tilapia wamo, tena wanene. Kipyegon aliwahi kuendesha boti za wageni kule Kisumu kabla ya kurudi kulima mahindi, kwa hiyo kazi ya kuitayarisha mashua ilikuwa yake. Alikagua makasia. Alimlazimisha Wabwile kununua jaketi mbili za kuokolea maisha, filimbi, na kopo la kutolea maji. Nanga ilichomelewa na fundi wa jua kali kwa vipande vya nondo, ikawa na kulabu nne zilizopinda.

"Kamba iwe ndefu mara tatu ya kina cha maji," Kipyegon alimwambia. "Na uifunge mbele. Usiwahi kufunga nanga nyuma, bana. Ukifunga nyuma, mashua inakaa chini huko na maji yanaingia."

Ijumaa jioni, kabla ya safari ya kwanza, mama yake Wabwile alimpigia simu kutoka Sirisia. Mama huyo alikuwa mgonjwa tangu mvua zianze. Alikuwa hali chochote isipokuwa uji wa wimbi, na hata huo alianza kuukataa.

"Wabwile, papa," alisema kwa sauti ya chini, kwa lile neno ambalo akina mama wa kwao humbembelezea mtoto wa kiume. "Huu unga wa posho mill unanuka mafuta. Dada yako Nasimiyu naye mkono wake bado uko kwa plasta. Si ukuje kesho unisagie kwa jiwe? Hata kikombe kimoja tu."

Wabwile alicheka. Si kwa ubaya. Kwao mwanaume hapigi magoti kwenye jiwe la kusagia, hilo ni jambo linalojulikana, na mwanaume akionekana hapo, jina la kejeli atakalopewa litamfuata mpaka kaburini. Akamwambia mama, sawa, kesho nitakuja. Alipolisema hilo alikusudia kutuma mtu mwingine, ila huyo mtu hakumtafuta.

Kesho yake alikuwa bwawani. Alizima simu, ati isishtue samaki. Walivua vizuri mpaka mchana, kisha ile nanga ya nondo ikanasa kwenye kisiki na ikakataa kutoka, wakavuta hadi viganja vikachubuka, mwishowe Kipyegon akaikata kamba.

"Hapa kulabu hazifai," Kipyegon alisema wakirudi ufuoni. "Tafuta jiwe. Lile limekonda katikati, kamba ishike vizuri."

Wabwile aliwasha simu akiwa bado amevaa jaketi. Mama alikuwa amekufa. Nasimiyu, dada yake, alimwambia baadaye kwamba mama alijikokota mwenyewe hadi jikoni, akamwaga wimbi juu ya jiwe, akapiga magoti. Hapo ndipo walipomkuta. Wimbi ulikuwa bado mzima, haujasagwa hata punje.

*

Mazishi yalipita. Watu wa kanisa walikuja, wakaimba, wakala, wakaondoka. Siku ya mwisho ya matanga, wanawake wa boma waliligeuza jiwe la mama kifudifudi, kama desturi yao ilivyo. Jiwe la marehemu hulazwa hivyo mpaka wimbi mpya uvunwe. Hapo huinuliwa, wanawake husaga unga wa kwanza, uji hupikwa na kumwagwa kidogo kaburini, na marehemu huwa ameagwa. Kabla ya hapo, halisogezwi.

Wabwile alijua haya yote tangu utotoni. Lakini kila alipoingia jikoni kuchota maji ya kunywa, alilikuta jiwe hapo limelala, akatoka bila kuyanywa. Hakulala. Hakula vizuri. Jumapili moja alipokuja kumtembelea dada yake na kumkosa, kwa kuwa Nasimiyu alikuwa kanisani, alisimama mlangoni pa jikoni kwa muda mrefu, na wazo likamjia, wazo la kijinga linalomjia mtu anayetaka kukimbia. Jiwe lilikuwa limekonda katikati kwa miaka ya kusaga. Kamba ingeshika vizuri. Likizama majini, hataliona tena kila akija nyumbani, na bado litakuwa na kazi. Alijiambia hivyo. Akalipakia kwenye buti ya gari, akafunika mahali pake kwa gunia na sufuria kuukuu.

Jumamosi iliyofuata alimwambia Kipyegon kwamba jiwe amelitoa mtoni. Kipyegon aliligeuza, akalisifu, akapitisha kamba kiunoni mwa jiwe mara mbili na kuifunga fundo gumu. Kichwani mwa mashua akaweka kitanzi kingine. Waliondoka ufuoni asubuhi, jua limetoka vizuri, mlima ulio juu ya Endebess ukionekana wote mpaka kileleni.

Walitia nanga katikati ya bwawa. Jiwe lilishika mara moja. Mashua ilitulia kabisa, mpaka Kipyegon akasema hii sasa ndiyo nanga.

Wakatupa ndoano. Muda ukapita.

Halafu Wabwile akaisikia. Aliisikia kwa makalio kwanza, kwenye mbao alizoketi, kabla haijafika masikioni. Kru. Kru. Kru. Kitu kizito kikisuguana na kitu kizito, polepole, kikipumzika kidogo na kuanza tena.

Kipyegon aliweka kiganja kwenye sakafu ya mashua. "Kuna posho mill karibu hapa?" aliuliza. Yeye ndiye mwenye shamba, na alijua hakuna.

"Labda ni trakta," Wabwile alisema.

Sauti iliendelea. Ilikuwa na mwendo wa mtu aliyechoka, mtu mzee, anayesukuma mbele, anavuta pumzi, anarudi nyuma. Wabwile aliufahamu mwendo ule. Alilala mgongoni mwa mwendo ule akiwa mtoto, amefungwa kwa leso.

Walipovuta nanga, jiwe lilikuja juu bila taabu. Kwenye lile bonde lake la katikati kulikuwa na kitu cha kahawia, laini. Kipyegon alidhani ni tope, akakisuuza kwa mkono. Wabwile alikuwa amekwisha kukinusa. Ulikuwa unga wa wimbi, umesagwa sasa hivi.

Ilimpasa kulirudisha jiwe siku ile ile. Hata yeye alilijua hilo. Lakini angemwambia nini Nasimiyu? Aibu ina nguvu kuliko woga, na aibu imeangamiza watu wengi kuliko simba. Aliliacha ndani ya mashua. Aliporudi mara ya pili akiwa peke yake, alitia nanga mahali pengine, karibu na ukingo wa bwawa, na jiwe likagoma kutoka majini. Alivuta mpaka macho yakatoka machozi. Chini yake ile sauti ikaanza, karibu zaidi, na safari hii haikuwa ikipumzika. Akaifunga kamba kwenye jerikeni tupu ielee kama alama, akapiga makasia kurudi ufuoni bila kutazama nyuma.

*

Nasimiyu alipiga simu wimbi ulipokaribia kuvunwa.

"Jiwe ya mama imeibwa," alisema. "Nimetoa gunia leo nikakuta hakuna kitu. Wewe uliiona?"

"Mimi? Sijaiona."

"Basi watu wanasema ni Mama Mukhwana."

Mama Mukhwana alikuwa jirani, mjane mzee aliyeishi na mbuzi wake kwenye nyumba ya mabati chini ya boma lao. Alimwosha mama yao alipokufa. Sasa vijana wa pale sokoni walikuwa wakisema kwamba aliosha maiti ili ajue jiwe liko wapi, kwamba jiwe la marehemu ndilo wachawi husagia dawa zao. Walimpa mpaka Jumamosi, siku ya uji. Jiwe lisipoonekana, ahame, au nyumba yake iwake moto.

"Nawe unasemaje?" Wabwile aliuliza.

"Nitasema nini? Jiwe haina miguu. Alikuwa rafiki ya mama. Lakini jiwe haina miguu, Wabwile."

Angeweza kusema wakati huo. Maneno yalikuwepo mdomoni. Alikata simu, akaketi nyuma ya kaunta, na mteja aliyeingia kununua dawa ya minyoo akamwuliza kama ni mgonjwa.

Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, alikuwa bwawani na Kipyegon. Alikuwa amemweleza kila kitu njiani, mara ya kwanza kumweleza mtu yeyote. Kipyegon hakumlaumu. Alisema tu, "Ungeniambia siku ile. Mimi nimeushika ule unga kwa mkono."

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani. Mchana kweupe, na ufuo hauonekani. Walipapasa kwa makasia mpaka wakaigonga ile jerikeni. Wabwile aliishika kamba na, kwa pupa yake, akaifunga nyuma ya mashua, hapo alipokuwa ameketi.

"Si huko," Kipyegon alinong'ona. "Leta mbele."

"Acha tu nivute."

Alivuta. Kamba ilikuja. Ilikuja kwa wepesi, pima moja, pima ya pili, ikirundikana miguuni mwake. Kisha Wabwile akaitazama mikono yake. Viganja vilikuwa vimejaa unga. Kamba ilitoka majini, na ilikuwa kavu. Kavu kabisa.

Akaacha kuvuta.

Chini yao ikaanza. Kru. Kru. Kru.

Mbao zilitetemeka. Minyoo iliruka ndani ya mkebe. Na katikati ya ule msuguano kulikuwa na sauti nyingine, ya mwanamke anayevumisha wimbo kwa pua, wimbo usio na maneno, ule wa kujisahaulisha kazi.

"Unamjua huyo?" Kipyegon aliuliza. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Ni mama."

"Basi mwambie kitu."

Wabwile aliinama juu ya maji. Ukungu ulimlowesha uso. "Mama," alisema. "Nimekuja."

Kusaga kukakoma.

Hakuna ndege. Hakuna upepo. Maji yamelala. Kipyegon alishika makasia yote mawili na hakuyasogeza.

Ndipo kamba ikakaza. Haikuruka kama samaki anapoivuta. Ilikaza taratibu, kwa uzito, kama mtu mzima anayeshika mkono wako ili ainuke. Nyuma ya mashua ikashuka. Maji yakapanda mpaka ukingoni. Yakaingia. Kipyegon akachukua kopo, akatoa, akatoa, na yanayoingia yakawa mengi kuliko yanayotoka. Yakafika kwenye magoti.

"Mimi sikuvaa jaketi," Kipyegon alisema. Alisema kwa upole kabisa. Jaketi yake ilikuwa ufuoni, kwa sababu ya haraka ya Wabwile.

Wabwile alijaribu kufungua fundo. Lilikuwa limekaza kama mfupa. Alichukua kisu cha samaki. Aliweka makali kwenye kamba. Alimtazama rafiki yake, akaitazama ile kamba iliyoshuka wima kwenye maji meusi, na akajua kwamba anamwacha mama yake mara ya pili.

Akakata.

Mashua ilirushwa juu kama kizibo. Ncha ya kamba ilizama bila haraka. Kutoka chini, ikapanda pumzi moja ndefu, ya mtu aliyengoja na kukata tamaa, ikapasuka juu ya maji kwa harufu ya uji.

*

Alifika Sirisia jioni ile ile, nguo zikiwa bado mbichi. Vijana walikuwa wamekusanyika mbele ya nyumba ya Mama Mukhwana, wengine na viroba vya majani makavu. Hawakungoja Jumamosi. Dirisha moja lilikuwa limevunjwa na mbuzi hakuonekana.

"Jiwe nilichukua mimi," Wabwile alisema. Akarudia kwa sauti, maana hakuna aliyemsikia. "Mimi. Mtoto wake. Nilifanya nanga ya mashua."

Mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha wale wenye majani wakaanza kuyaangusha chini mmoja mmoja, macho yao yakitazama pembeni.

Mama Mukhwana alitoka mlangoni. Kulikuwa na damu iliyokauka juu ya jicho lake. "Tangu jana wananitupia mawe," alisema. "Wewe ulikuwa wapi, papa?"

Wabwile aliinama, akaanza kuokota vipande vya dirisha.

Nasimiyu hakulia wala hakumtukana, na hilo lilimuumiza zaidi. Jumamosi wanawake walikaa jikoni wakitazamana, hawana jiwe, na ni Mama Mukhwana aliyewatuma kwake wakachukue lake. Walipoliweka chini, Nasimiyu alimwita kaka yake.

"Piga magoti," alisema. "Alikuomba wewe."

Mbele ya wajomba, mbele ya mchungaji, mbele ya wale vijana wa soko, Hillary Wabwile alipiga magoti akasaga. Alisaga vibaya, wimbi ukimrukia usoni. Hakuna aliyecheka. Uji ulipikwa, ukamwagwa kaburini, wakaunywa uliobaki. Usiku ule alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu mama azikwe, na alipoamka aliamini kwamba amesamehewa.

Alingoja miezi kadhaa kabla ya kutaka kuiuza mashua. Mnunuzi alikuwa mtu wa Kitale anayeitwa Mbugua, aliyetaka kuwapeleka watoto wake kuvua wikendi. Wabwile alikwenda naye kwa Kipyegon asubuhi. Tangu siku ile ya ukungu Wabwile hakuwa amekanyaga huko. Mashua ilikuwa ufuoni, chini ya turubai, mahali alipoiacha.

Kipyegon alikuja kuwasalimia. Alikuwa amekonda. Aliposikia habari ya kuuza, alimvuta Wabwile kando.

"Unauza?" alinong'ona. "Na hiyo kazi yako ya asubuhi utafanyia wapi?"

"Kazi gani?"

"Si unakuja hapa kila siku kukipambazuka. Mimi nikikamua ng'ombe nakusikia ukisaga. Siku ingine nimekuona mgongo. Nilikuamkia, hukuitika, nikasema huyu ako na uchungu wake, wacha nimwachie nafasi."

Wabwile alitaka kumwambia kwamba kila kukipambazuka yeye huwa Kitale, kitandani, kando ya mkewe Phelista, na Phelista ni shahidi. Lakini Mbugua alikuwa ameshalifunua turubai, na sasa alikuwa amesimama tu, ameshika ncha yake.

Ubao wa kuketi wa katikati ulikuwa umelika. Mbao nene, isiyofikisha hata miaka miwili, ilikuwa na bonde refu, laini, lililong'aa kama la jiwe lililosagiwa na vizazi vitatu. Ndani ya bonde mlikuwa na vumbi la kahawia. Mbele yake, kwenye sakafu ya mashua, kulikuwa na vishimo viwili vya mviringo, vimechimbika kwenye mbao, kando kwa kando.

Mbugua alisema atapiga simu, akaenda kwenye gari lake.

Wabwile aliingia ndani ya mashua. Alivitazama vile vishimo kwa muda. Kisha akakunja suruali, akapiga magoti. Yaliingia sawasawa, la kulia na la kushoto, na mbao pale ilikuwa bado na joto.